Thelathini, saba, wanne: manispaa moja ya London na kura tunayoidharau

Hii ni hotuba niliyoisoma Jumamosi mbele ya vijana wa mtaa wetu hapa Nakuru. Wengi mliniomba niiweke kwenye uzi, kwa hivyo nimeikata vipande isomeke kwa simu. Sheria za hapa mnazijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukitaja, nafuta bila kuuliza.

1.

Asanteni kwa kuacha mechi mkaja kukaa kwenye viti vya plastiki kusikiliza mambo ya uchaguzi.

Naanza na aibu yangu mwenyewe. Tarehe 9 Agosti 2022 nilikuwa na miaka 19, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kupiga kura. Niliamka usiku, nikapanga foleni na baridi yote ile. Nikapewa karatasi sita. Ya rais nilikuwa nimeiwazia miezi. Ya gavana niliiwazia wiki. Nilipofika kwa ile ya mwakilishi wadi, sikumjua mtu hata mmoja pale. Nikatafuta alama ya chama kilekile nilichochagua kwenye karatasi zingine, nikatia tiki, nikakunja, nikatumbukiza. Si mnajua tunavyoita? Suti. Koti, suruali, tai, zote rangi moja.

Mwaka uliofuata nikakwama karo. Nikaambiwa nijaribu basari ya wadi. Niko kwenye foleni na fomu mkononi, karani ananiuliza, "Mheshimiwa wenu ni nani?" Nikabaki namwangalia. Mimi, mwanafunzi wa sayansi ya siasa, ninayeandika insha kuhusu demokrasia, sijui jina la mtu wa wadi yangu. Jioni hiyo nikatafuta matokeo. Tofauti kati ya mshindi na wa pili ilikuwa ndogo kuliko idadi ya wanafunzi wa shule yangu ya upili.

Tangu siku hiyo kila nikisikia mdahalo wa siasa, kwa matatu, kwa kinyozi, kwa redio, nasikia sentensi tatu zinarudi. Ya kwanza: "Hao wa wadi hawana nguvu yoyote." Ya pili: "Kura yangu moja itabadilisha nini?" Ya tatu: "Hata mtu akiiba, mwananchi wa kawaida atafanya nini?"

Leo nataka kuzijibu kwa historia ya mahali pamoja, na nimechagua mbali makusudi. Nikitumia mfano wa hapa, dakika mbili tu mtakuwa mmeshagawanyika, huyu anamtetea wake, yule wake. Kwa hivyo twendeni London Mashariki, mahali panaitwa Tower Hamlets. Huko hakuna mtu wetu.

2.

Kwanza tuelewe mahali penyewe. London imegawanywa katika manispaa 32, ukiongeza lile eneo dogo la kale la katikati lenye utawala wake. Kila manispaa ina baraza la madiwani. Baraza hilo ndilo linaloshughulikia nyumba za umma, takataka, maktaba, matunzo ya wazee, na mambo mengi ya shule. Yaani vitu unavyokutana navyo ukitoka tu mlangoni.

Tower Hamlets iko ukingo wa kaskazini wa mto Thames. Ilizaliwa kwa sheria ya 1963 iliyopanga upya serikali za mitaa za London. Uchaguzi wake wa kwanza ulikuwa Mei 1964, na ikaanza kazi rasmi Aprili 1965. Iliundwa kwa kuunganisha manispaa tatu za zamani: Stepney, Bethnal Green na Poplar. Yalikuwa maeneo ya bandari, viwanda vidogo na vyumba vya kubanana. Kwa karne nyingi wahamiaji wamefikia hapo: Waprotestanti kutoka Ufaransa, Waayalandi, Wayahudi wa Ulaya Mashariki, halafu Wabengali, wengi wao kutoka Sylhet, ambayo leo ni Bangladesh.

Upigaji kura wenyewe ni rahisi. Manispaa inagawanywa wadi. Hapa kwetu tuna wadi 1,450 na kila moja inatoa mtu mmoja. Kule wadi moja inaweza kutoa madiwani wawili au watatu. Unapewa kura sawa na idadi ya viti. Wanaoongoza ndio washindi, hata kama hawakufika nusu. Hakuna duru ya pili. Hilo la nusu mliweke kichwani, tutalirudia.

3.

Thelathini. Hii ni ya wale wanaosema wa wadi hawana nguvu.

Tunarudi nyuma hadi Poplar, kabla haijaunganishwa. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia uchaguzi wa mabaraza ulisimamishwa. Katikati hapo ikaja sheria ya 1918 iliyoongeza sana idadi ya wapiga kura, wakiwemo wanawake wengi. Kwa hivyo Novemba 1919, vita vikiwa vimeisha, watu wa Poplar walikwenda kupiga kura na orodha ilikuwa mpya. Chama kilichoegemea wafanyakazi kilichukua viti 39 kati ya 42. Madiwani wenyewe walikuwa watu wa bandarini, wa reli, mama wa nyumbani. Watu wa pale pale.

Wakaikuta shida moja. Kila manispaa ilijilipia msaada wa maskini wake kutokana na kodi ya majengo. Sasa fikiria. Poplar ilikuwa na wasio na kazi wengi na majengo duni. Westminster ilikuwa na majumba ya kifahari na maskini wachache. Kiwango cha kodi cha peni moja kilileta takriban pauni 31,000 Westminster. Kiwango hicho hicho Poplar kilileta kama pauni 3,600 tu. Yaani maskini walikuwa wanawalisha maskini, na tajiri wa upande wa pili wa mji hahusiki. Juu ya hayo, Poplar ilidaiwa michango ya taasisi za London nzima: baraza kuu la mji, polisi, maji, na hospitali.

Mwaka 1921 kazi zikapungua vibaya. Baraza likasema: kodi ya kuwahudumia watu wetu tutatoza, lakini ile ya kupeleka juu hatutozi tena, mpaka mzigo wa maskini ugawanywe London nzima. Wakashtakiwa. Mahakama ikawaamuru walipe. Wakakataa. Septemba 1921 madiwani 30 wakafungwa jela, wanaume Brixton, wanawake Holloway. Mmoja wa wale wanawake alikuwa mjamzito.

Hapo ndipo historia inakuwa tamu. Hawakujiuzulu. Walifanya vikao vya baraza ndani ya jela ya Brixton, na wanawake wakawa wanaletwa kutoka Holloway kuhudhuria. Majirani zao Stepney na Bethnal Green wakapiga kura kufuata njia ile ile. Serikali ikaona moto unasambaa. Oktoba wakaachiliwa, baada ya wiki sita hivi, na kabla mwaka haujaisha bunge likapitisha sheria ya kugawana gharama ya msaada wa maskini kati ya manispaa tajiri na maskini.

Si kwamba nawaambia mkakatae kulipa kodi. Walivunja sheria, wakajua, wakakubali adhabu yake. Na haikuwa bure: diwani mmoja kati ya wale waliofungwa, mwanamke wa miaka 32, alikufa siku ya kwanza ya Januari 1922. Ninachotaka mwone ni kwamba swali walilouliza ni lile lile tunalopigania kila mwaka kwenye mgao wa kaunti: anayezalisha zaidi abaki na zaidi, ama mwenye shida zaidi apewe zaidi? Mnakumbuka 2020, vikao vingapi vya Seneti viliisha bila kukubaliana? Poplar swali hilo halikuanzia kwa bunge. Lilianzia kwa watu waliochaguliwa na wadi, wa kushughulikia takataka na taa za barabarani.

4.

Saba. Hii ni ya wale wa "kura yangu moja".

Sasa tuko 1993. Poplar ishamezwa na Tower Hamlets. Bandari za eneo linaloitwa Isle of Dogs zilifungwa kufikia 1980, na mahali pake yakaota majengo marefu ya mabenki. Mkazi wa zamani anaangalia juu anaona kioo kinang'aa, halafu anaangalia chini, mtoto wake mtu mzima bado yuko kwenye foleni ya nyumba ya baraza. Nyumba za umma zilikuwa zimeanza kuuzwa kwa wapangaji tangu sheria ya 1980, na mpya zilizojengwa zilikuwa chache. Foleni ikarefuka. Hiyo ilikuwa shida ya kweli kabisa.

Halafu akaja mtu na jibu jepesi: nyumba zenu wanapewa Wabengali.

Septemba 16, 1993 kulikuwa na uchaguzi mdogo wa kiti kimoja katika wadi ya Millwall. Chama kimoja cha ubaguzi wa rangi, ambacho hakikuwa kimewahi kushinda kiti cha udiwani popote nchini, kikasimamisha mgombea. Waliojitokeza kupiga kura walikuwa takriban asilimia 44. Kura zikagawanyika pande tatu. Matokeo: kura 1,480 kwa mgombea wa chama hicho, kura 1,473 kwa anayemfuata.

Hesabu mwenyewe. Saba.

Watu saba. Matatu haijajaa. Na yeye alikuwa na theluthi moja hivi ya kura zilizopigwa. Mnakumbuka nilisema hakuna anayelazimika kufika nusu? Wawili kati ya kila watatu waliopiga kura hawakumtaka, na zaidi ya nusu ya waliosajiliwa walibaki nyumbani. Nina hakika kati yao wapo waliosema, "Ni udiwani tu." Kesho yake nchi nzima ilikuwa inazungumzia wadi moja. Na mama wa Kibengali anayempeleka mtoto shule kwenye barabara zile alijua kwamba chuki aliyokuwa anaisikia mitaani sasa ina kiti barazani.

Na msifikiri vyama vikubwa vilikuwa visafi. Kimoja chao baadaye kililazimika kuunda tume kuchunguza vipeperushi ambavyo watu wake wenyewe walikuwa wamesambaza eneo hilo, kwa sababu navyo vilikuwa vinacheza na hofu ya rangi. Hivi ndivyo inavyokuwaga. Mmoja anasema kwa sauti, wengine wanaona inalipa, wanaanza kunong'ona.

Sisi watu wa Nakuru hatuhitaji kufundishwa neno "hawa wamekuja kuchukua vyetu" linaweza kufika wapi. Wengine hapa mlikuwa watoto wachanga 2008, lakini nyumbani kwenu kuna mtu anayekumbuka. Kwa hivyo naomba mbebe hili: shida ya nyumba Millwall ilikuwa ya kweli, aliyelaumiwa ndiye hakuwa wa kweli. Mkisikia mgombea anataja shida yenu ya kweli, pigeni makofi kama mnataka, lakini subirini msikie anamlaumu nani.

Je, iliishia hapo? La. Uchaguzi mkuu wa mabaraza ulikuwa Mei 1994, miezi minane tu baadaye. Wakazi, makanisa na vikundi vya kupinga ubaguzi wakatembea mlango kwa mlango. Waliojitokeza wakafika karibu theluthi mbili. Na sikilizeni hili, kwa sababu ndilo lililonifanya nipende hii historia: yule diwani aliongeza kura. Alipata nyingi kuliko Septemba. Hata hivyo akashindwa. Waliokuwa wanampenda hawakubadilisha mawazo. Waliokaa nyumbani ndio walitoka.

5.

Wanne. Hii ni ya wale wanaosema mwananchi wa kawaida atafanya nini.

Mwaka 2010 wakazi wa Tower Hamlets waliamua kwa kura ya maoni kwamba meya achaguliwe moja kwa moja na wananchi. Uchaguzi wa kwanza wa meya ulifanyika Oktoba mwaka huo, na aliyejitokeza alikuwa mtu mmoja kati ya kila wanne hivi. Meya akawa na madaraka makubwa, ikiwemo usemi mzito kwenye ruzuku za vikundi vya kijamii.

Uchaguzi uliofuata ulikuwa Mei 22, 2014. Yule yule akashinda. Kura za madiwani zilichukua siku kadhaa kuhesabiwa, na malalamiko yakawa mengi. Wapiga kura wanne wa kawaida wakaenda kortini. Siyo chama. Wanne tu, wakijua kwamba wakishindwa, gharama za kesi zinaweza kuwafilisi.

Aprili 23, 2015 hukumu ikatoka: uchaguzi wa meya ni batili. Mahakama hiyo ya uchaguzi ilisema kulikuwa na udanganyifu kwenye kura za posta, watu kupiga kura kwa majina yasiyo yao, taarifa za uongo dhidi ya mpinzani, na hongo kwa njia ya ruzuku za vikundi. Madai ya vitisho kwenye vituo vya kura hayakuthibitishwa. Meya akazuiwa kugombea kwa miaka mitano, na uchaguzi mpya ukafanyika Juni 11, 2015.

Kulikuwa pia na kosa moja ambalo wengi hapa hamjawahi kulisikia: ushawishi wa kiroho usiofaa. Viongozi wa dini 101 walikuwa wametia saini barua kwenye gazeti la Kibengali karibu na siku ya kura, na mahakama ikaona ilivuka mpaka, ikawa kama kumwambia muumini kwamba dini inamlazimu kupigia mtu fulani. Sheria hiyo ina mizizi yake karne ya 19, enzi za mapadri na kura za Ayalandi.

Naona mnacheka. Ndiyo, hapa kwetu mgombea kuwekewa mikono mbele ya kanisa ni jambo la kila Jumapili msimu ukifika. Lakini tuwe waadilifu. Wabengali wengi wa Tower Hamlets walichukizwa na sehemu hiyo ya hukumu. Walisema inawachukulia kama watu wasioweza kufikiria wenyewe. Polisi nao walichunguza na hawakumfungulia meya yule mashtaka ya jinai. Na muda wake wa kuzuiwa ulipokwisha, 2022 akagombea tena, wananchi wakamrudisha. Kwa hivyo msiniulize kama ile hukumu ilimaliza mjadala. Haikumaliza. Ila iliweka jambo moja wazi: wapiga kura wanne walimlazimisha mtu mwenye madaraka yote yale ajibu maswali chini ya kiapo.

Na kwetu mlango huo upo. Matokeo ya mwakilishi wadi yanaweza kupingwa mbele ya hakimu, ndani ya siku 28 tangu yatangazwe. Ni watu wangapi hapa mlikuwa mnajua? Inueni mikono. Wawili. Basi hotuba imelipa.

6.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema moyoni: "Kura saba ni bahati tu, wadi nyingi mshindi anaongoza kwa mbali." Ni kweli. Sitawadanganya. Mara nyingi kura yako moja haitaamua. Lakini hakuna mtu Millwall aliyeamka asubuhi ile akijua kwamba leo ni saba. Unajua baada ya kuhesabu, na baada ya kuhesabu huwezi tena kurudi kwa foleni.

Mwingine anasema: "Kule ni Uingereza, kuna sheria zinafanya kazi." Hapo napinga. Tumeona ubaguzi, vipeperushi vya hofu, kura za wizi, ruzuku za kununua watu. Mambo yale yale. Kilichosaidia kila mara ni watu wachache waliokubali usumbufu: 30 waliolala jela, wale waliogonga milango 1994, wanne waliohatarisha mali yao. Uchaguzi wa mtaa ni mdogo, na kwa sababu ni mdogo, watu wachache wanaugeuza. Swali ni wachache gani. Tukikaa nyumbani, hao wachache watakuwa wale wenye pesa za kununua na wale wenye chuki ya kuuza.

Kura inayofuata ni Agosti 10, 2027. Nawaomba vitu vitatu, vyote havina gharama. Hakikisha jina lako liko kwenye daftari, na kama ulihama, hamisha. Kabla ya siku hiyo, jua majina ya angalau wagombea watatu wa wadi yako, na uulize kila mmoja swali moja tu la hapa: mtaro, basari, soko, chochote. Na siku yenyewe, karatasi ya sita uisome kama ya kwanza.

Mimi jina la mheshimiwa wetu nalijua sasa. Nimeenda ofisini kwake mara mbili kuuliza orodha ya waliopata basari inabandikwa wapi. Mara ya kwanza niliambiwa nirudi Jumatatu. Mara ya pili niliambiwa nirudi Jumatatu. Jumatatu hii naenda tena, na nikihesabu walioinua mkono wakitaka kuja nami, tuko sita.

Anatafutwa wa saba.